Sura ya Saba: Aliyebaki na Usukani

Kabla sijasema neno juu ya mtu mzima anayeiacha kazi yake mwaka mzima ili ajitafutie nafsi nyingine, napenda msomaji akumbuke kwamba kumtoa mtu katika shughuli za ulimwengu kwa muda uliopimwa si bidhaa ngeni iliyoshushwa juzi bandarini. Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili na wakalipa vipimo: maarusi huwekwa ndani fungate, siku 7, wasijue bei ya samaki wala habari za mtaa, mzazi hukaa arobaini, akikandwa na kuoshwa kwa maji ya moto, asiguse kinu wala ndoo, mjane hukaa eda, miezi 4 na siku 10, na mcha Mungu apendaye huingia itikafu msikitini katika kumi la mwisho la Ramadhani, akaiacha biashara yake ife au ipone. Kila faragha miongoni mwa hizi ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na aliyemo ndani haitwi mvivu, kwa kuwa siku zake zinahesabika na kila mtu anajua lini atatoka.

Lakini jambo hili hili litazame kwa upande wa jikoni. Maarusi wa fungate hawapiki, nao wanakula. Mzazi wa arobaini ana mama yake au shangazi yake aliyefunga safari kutoka shamba kuja kumkanda, na shangazi huyo naye kuku wake amewaacha kwa jirani. Mwenye itikafu hufuturu kwa sahani iliyofunikwa kawa, aliyoletewa na mtoto, na mtoto huyo ametumwa na mtu. Faragha ya mmoja ni zamu ya mwingine. Hili sikuliona nilipokuwa kijana, wala sikuliona nilipotimia miaka 53 na kuomba likizo yangu ya mwaka bila malipo. Nililiona baadaye, katika daftari la shule lenye mafuta ya kupikia kwenye pembe zake, nami nitalieleza mahali pake.

Kwa nini mwaka, wala si mwezi au miaka 3? Kwetu sisi jawabu limo katika upepo. Kaskazi huanza kuvuma mwishoni mwa mwaka na kushika hata mwezi wa Machi, nayo ndiyo iliyokuwa ikivileta vyombo kutoka Uarabuni na Ghuba na Bara Hindi. Kisha huingia kusi, ikavirudisha vilikotoka. Na baina ya pepo hizi mbili kuna maleleji, ambayo wengine huiita tangambili, wakati ambapo upepo haujaamua na nahodha mwenye akili hukaa pwani akashona matanga yake. Nahodha aliyechelewa kusi, kwa sababu ya maradhi au deni au mapenzi, hakuwa na hila ila kungoja duru nzima izunguke. Yamkini si wachache miongoni mwa walioingia katika nasaba zetu waliokuja kuuza tende na chumvi, wakapitwa na upepo, wakapanga chumba, wakasomesha watoto wa mwenye nyumba, na upepo ulipowarudia wakajikuta wamekuwa watu wengine, hawana haja nao.

Mtu wa siku hizi hachelewi upepo; huchelewa nafsi yake. Mtumishi wa serikali wa Tanzania akifika miaka 55 ana ruhusa ya kustaafu kwa hiari, na akifika 60 hustaafishwa apende asipende, na mambo yanayomfika aghalabu baada ya hapo tumeyaona sote katika mitaa yetu. Ijumaa anaitwa mheshimiwa, Jumatatu hana mlango wa kugonga. Analipwa kiinua mgongo ambacho hakupata kukishika maisha yake yote. Mpwa wake anamshauri anunue daladala 2, na kabla ya mwaka wa pili kwisha zote mbili zimelala uani juu ya mawe, kuku wanataga ndani. Siwacheki watu hawa, kwa maana nimekula karamu zao za kuagwa na nimebeba majeneza ya baadhi yao. Nasema tu kwamba walilazimishwa kuwa watu wapya siku ambayo utu wa zamani ulikwisha fungiwa mlango, ilhali jambo jipya lataka kujaribiwa wakati la zamani lingali linakungoja, ili ukikosea uwe na pa kurudi. Hiyo ndiyo hoja yangu juu ya kuuchukua mwaka mapema, na sina nyingine.

Katika vitabu vya dini mfano mkubwa ni wa Imamu Abu Hamid al-Ghazali, mtu wa Tus katika Khurasani. Alipewa kiti cha kusomesha katika madrasa ya Nizamiya ya Baghdad mwaka 1091, akawa mwenye jaha asiyepitwa, wanafunzi mamia wakimzunguka. Miaka 4 haikutimia vyema kabla hajaanza kujiuliza kama anasomesha kwa ajili ya Mola au kwa ajili ya kusikiwa. Yeye mwenyewe ameeleza, katika kitabu chake kiitwacho Al-Munqidh, jinsi alivyovutwa huku na huku kwa kadiri ya miezi 6 tangu Rajabu ya mwaka 488 wa Hijra, leo akiazimia kutoka, kesho akiitangua azma yake, hata ulimi ukamfunga asiweze kutamka neno mbele ya wanafunzi, chakula kisimpite kooni, na matabibu wakakata tamaa. Akatoka. Aliwaambia watu kwamba anakwenda Makka, na moyoni alikuwa akienda Sham, kwa kuchelea khalifa na marafiki wasimzuie. Huko Damascus alikaa kiasi cha miaka 2, akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia humo mchana kutwa, akapita Baitul Mukaddas, akahiji, na alikuwa na umri wa miaka 37 tu alipoondoka Baghdad, umri ambao wengi wetu hata shaka bado hatujaianza.

Wanaoisimulia habari hii hupenda mnara. Mimi napenda mambo mawili madogo yaliyo chini ya mnara. La kwanza ni kwamba Imamu hakuondoka mpaka alipogawa mali yake na kubakiza kiasi cha kuwatosha watoto wake, na ameeleza kwa makini ya mwanasheria kwa nini mali ya Iraki yafaa kwa jambo hilo, kwa kuwa ni wakfu kwa maslahi ya Waislamu. La pili ni kwamba katika kiti chake cha Nizamiya aliketi nduguye Ahmad, akasomesha kwa niaba yake. Kitabu kikubwa cha Ihya, ambacho masheikh wetu wa Unguja na Lamu na Mombasa wamekisomesha vizazi kwa vizazi, kilitungwa katika miaka hiyo ya kutoka. Mwandishi wake anajulikana na kila mtoto wa chuoni. Nani ajuaye zamu ngapi alizishika nduguye? Hatimaye kilichomrudisha Imamu nyumbani, kwa maneno yake mwenyewe, kilikuwa wito wa watoto.

Mfano wa pili ni wa kwetu, nao nashangaa kwamba hautajwi katika mazungumzo ya aina hii. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na tarehe 22 Januari 1962, majuma 6 tu baadaye, Waziri Mkuu wake, Julius Nyerere, akajiuzulu. Hakuwa mgonjwa wala hakupinduliwa. Alimwachia Rashidi Kawawa kiti hicho akaenda kukijenga upya chama chake cha TANU, akizunguka wilaya baada ya wilaya, na katika mwezi wa Aprili, ambao ndani yake alitimia miaka 40, kikatoka kijitabu chake juu ya Ujamaa. Tarehe 9 Desemba 1962 alirudi, safari hii akiwa Rais wa Jamhuri. Tangu kujiuzulu hata kuapishwa ni miezi 10 na nusu, mwaka wa nahodha kasoro kidogo. Alitoka akiwa kiongozi aliyepewa nchi na mkataba wa uhuru, akarudi akiwa mtu mwenye fikra yake mwenyewe juu ya nchi hiyo ifanywe nini, na mtu anaweza kuipenda fikra hiyo au kuichukia bila ya kukana kwamba ilipata sura yake katika miezi ile. Walakini barua za kila siku, mishahara ya makarani, mabalozi wa kukaribishwa, manung'uniko ya mawaziri, yote hayo yalikuwa juu ya meza ya Kawawa, naye siku ilipofika akaondoka katika nafasi ya mbele na kurudi nyuma ya mwenzake pasipo kuzusha neno. Kuna watu ambao kipaji chao ni kushika usukani mwenzao anapokwenda kutazama nyota. Vitabu havina sura nyingi juu yao.

Nisije nikaonekana nadai kwamba hakuna ufufuo bila likizo, nimtaje na Shaaban Robert, aliyeingia ukarani wa forodha mwaka 1926 akiwa kijana wa miaka 17 na kuutumikia ukarani kwa zaidi ya miaka 30, asipate mwaka wa faragha hata mmoja. Vitabu vyake viliandikwa katika saa zilizobaki. Ukiniuliza mimi, mtu wa namna hiyo hahitaji mwaka, bali mwaka ndio unaomhitaji yeye. Na yuko Kimani Maruge, mzee wa Eldoret, aliyesikia kwamba elimu ya msingi imekuwa bure nchini Kenya, akajikatia suruali fupi, akavaa soksi ndefu, na mwezi wa Januari 2004, akiwa na miaka 84, akajipanga mstarini pamoja na watoto wa darasa la kwanza. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Mwaka uliofuata alikuwa New York akihutubia mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya elimu. Na yeye pia alikuwa na mtu mlangoni, kwa maana mwalimu mkuu angeweza kumrudisha nyumbani siku ile ile, na watu wangecheka na kusahau.

Sasa niseme yangu, ambayo ni madogo.

Nilikuwa nimekaa hitimani, mkononi kikombe cha kahawa, na ubavuni mwangu mzee mmoja nisiyemjua, mtu wa shamba. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia nahakiki hesabu.

"Maana yake nini, mwanangu?"

"Natazama kama hesabu alizoandika mwingine zimeandikwa sawasawa."

"Na zikiwa sawasawa?"

"Natia saini."

"Na zisipokuwa?"

"Nazirudisha kwa aliyeziandika."

Mzee akakoroga mashapo ya kahawa yake kwa kuzungusha kikombe, akafikiri kwa staha yote, kisha akasema, "Basi chombo hukiundi wewe, wala husafiri nacho." Hakukusudia kunidharau, alikuwa akithibitisha kwamba amenifahamu. Lakini neno lile lilinifuata nyumbani, likapanda nami ghorofani asubuhi, likaketi juu ya majalada, na kila nilipotia saini nililisikia. Babu yangu mzaa baba alikuwa nahodha. Mimi sikupata kupigilia msumari ukanyooka.

Nikaandika barua ya kuomba likizo. Jawabu lilichukua miezi 7, na katikati jalada langu likapotea, likaonekana chini ya birika la chai. Sitaitaja ofisi, kwa kuwa birika ni la kila ofisi. Nikauza vespa yangu. Nikahesabu akiba, ambayo kwa hesabu ya haki ilikuwa ya miezi 7, na mimi, mhakiki wa miaka 30, nikaiita ya mwaka. Yote yalipokuwa tayari ndipo nilipomwambia mke wangu. Alikuwa akichambua mchele. Akauliza neno moja tu: "Na sisi?" Nikamtajia ile jumla. Akaendelea kuchambua mchele, nami nikauhesabu ukimya wake kuwa ni ridhaa, taksiri ambayo kazini ningemrudishia karani yeyote.

Nilikwenda Nungwi, kaskazini ya Unguja, wanakounda majahazi na mashua pwani juu ya mchanga mtupu, bila ramani, kwa jicho. Fundi aliyenikubali alikuwa na miaka 38, na hapo pakazuka mushkili wa adabu ambao hatukuupatia ufumbuzi mwaka mzima. Kwa umri mimi nilikuwa mzee wake, kwa kazi nilikuwa mwanagenzi wake. Basi kila alfajiri alinijia akiwa ameinamisha kichwa, "Shikamoo mzee," nami nikamjibu marahaba, na tangu dakika ile hadi adhana ya magharibi hakuniachia pumzi: "Mzee, umeshika tezo kama mwiko! Mzee, huo si ubao, huo ni mguu wako, tazama!" Watoto wa pwani walijifunza sauti yake wakawa wananikaripia kwa mbali, nao pia huanza na shikamoo.

Miezi 2 ya kwanza sikuruhusiwa kugusa chombo. Kazi yangu ilikuwa kusokota pamba ya kalafati, nyuzi ndefu za unene wa kidole cha mtoto, zilizorowekwa mafuta, ambazo hupigwa kwa patasi butu na nyundo katika nafasi zilizo baina ya mbao mpaka maji yasipate pa kupenya. Kisha nikapewa keekee. Msomaji asiyeiona keekee ajue kwamba ni kijiti chenye ncha ya chuma kilichozungushiwa kamba ya upinde. Mkono mmoja hukandamiza kutoka juu, mwingine huvuta upinde kwenda na kurudi, na ncha inazunguka ikala mti. Yaonekana ni mchezo. Kwa majuma 5 mimi nilikata kamba, nikavunja ncha, nikatoboa matundu yaliyokwenda upande kama maneno ya shahidi wa uwongo, na usiku kiganja kilinipiga kama moyo. Nilileta futi ya kamba kutoka mjini ili angalau katika vipimo niwe na faida. Nikapima ubao mmoja wa mwembe, nikamwambia fundi kwa furaha kwamba upande wa kulia umezidi wa kushoto nusu inchi. Akautazama mkuku, akayatazama mataruma, akaninyang'anya ile futi taratibu akaitia mfukoni mwake. "Futi hii inapima ubao, mzee. Mimi napima maji." Sikuipata tena hadi siku ya kuondoka.

Kalafati ndiyo iliyonifungua. Siku moja katika mwezi wa tano fundi alinifunga macho kwa kilemba chake, akaniambia nipige na nisikilize. Pamba ikiwa haijajaa, nyundo hutoa sauti ya chini, ya kitu chenye njaa. Ikijaa, sauti hugeuka kuwa kavu na kurudi mkononi, na hapo lazima ukome, maana pigo moja zaidi huutenga ubao. Nikapiga kadiri ya dhiraa 2 nikiwa kipofu, na mahali patatu nikakoma. Aliponifungua macho akapitisha ukucha wake juu ya mshono wote, hakusema neno, akaenda kunywa chai. Katika miaka 30 ya saini hakuna siku niliyopata kukoma kwa kujua kwamba imetosha. Siku zote nilikoma kwa sababu saa ya ofisi imefika. Kama mwaka wangu ulinipa nafsi nyingine, basi iliingia kwa mlango huo, kupitia sikio, na wala si kwa tafakuri zozote nilizozifanya ufukweni jioni, ambazo zilikuwa nyingi na zote nimezisahau.

Jambo moja la Nungwi lingeweza kunizindua mapema lau ningekuwa na akili. Wakati wa bamvua, maji yalipokuwa makuu, waliliegesha jahazi la zamani juu ya magogo, na maji yalipotoka likalala ubavu, tumbo lote wazi, makombe yamegandamana na mbao zimeliwa na wadudu wa baharini. Lilikaa hivyo majuma 6, likikwanguliwa, likitiwa pamba, likipakwa deheni. Mimi nililipenda jahazi lile. Niliona ndiye mimi, nimepandishwa pwani kutengenezwa. Hata barua nilimwandikia rafiki yangu nikaueleza mfano huo kwa ufasaha mwingi. Na chini ya mkungu, hatua 20 kutoka hapo, walikaa mabaharia 7 wa jahazi hilo hilo, siku baada ya siku, wakicheza bao, hawana safari, hawana posho, wakikopa mihogo. Katika barua yangu hawakuwamo.

Nilirudi nyumbani mwezi wa 12 nikiwa mwembamba, mweusi, kidole gumba cha kushoto hakina ukucha, na majivuno ya kutosha kujaza nyumba. Siku ya tatu, kwa tabia ya kazi yangu, nikasema tuufunge mwaka kwa hesabu. Mke wangu akaniletea daftari.

Nilijua kwamba anauza vitumbua mlangoni. Nilikuwa nikivila kila mwisho wa mwezi nilipokuja. Sikujua kwamba anaamka saa 9 za usiku. Daftari lilikuwa na safu 3, zimepigwa mstari kwa ukingo wa sanduku la chai. Ya kwanza ilikuwa ya kilichoingia: vitumbua, shanga za ushonaji, kodi ya chumba cha uani ambacho sikuwa na habari kwamba kimepangishwa. Ya pili ilikuwa ya kilichotoka: mchele, mafuta, ada ya mtoto, nauli yangu. Nilizijumlisha kwa jicho nikaona zinakutana, hazikupishana shilingi. Safu ya tatu haikuwa na kichwa wala tarakimu. Ilikuwa na maneno, moja moja, mbele ya siku zake: jino. Harusi ya Mkoani. Miwani. Jino. Paa. Idi. Jino. Chuo. Nikamwuliza safu hii ni ya nini. Akasema hayo ni yale yaliyongoja.

Nimeshika vitabu vya hesabu vya idara 4 maishani mwangu, nimefundisha vijana wasiopungua 40 kushika vyao, na kote huko sikuona safu ya namna hiyo. Laiti ingelikuwamo, sijui ni saini ngapi ningezirudisha.

Nikamwuliza juu ya neno chuo, kwa kuwa ndilo pekee nisilolifahamu. Akacheka kidogo akatazama pembeni. Alikuwa amefika katikati ya masomo ya tajwidi, binti wa miaka 16, sauti yake ikisifiwa na bibi mwalimu wake, alipochumbiwa. Na aliyemchumbia ni mimi. Dada yake huko Wete, Pemba, alikuwa anahudhuria darasa la watu wazima wanawake kila siku baada ya alasiri, na mara mbili alikuwa amemwandikia aje.

Nilirudi ofisini nikaketi katika kiti kile kile. Wenzangu walisema nimebadilika, na ushahidi wao ulikuwa kwamba natia saini polepole. Jino liling'olewa juma lile lile. Miwani ilipatikana baada ya mshahara wa pili. Paa liliezuliwa na kuezekwa upya kabla ya masika, nami nilishika nyundo mwenyewe na misumari ikaingia imenyooka, jambo ambalo jirani zangu walikuja kulitazama. Safu ile tuliipunguza mstari kwa mstari, hata likabaki neno moja, na neno hilo halikununulika. Nikangoja nitimie miaka 55, nikastaafu kwa hiari, kiinua mgongo tukakigawa sehemu mbili, na daladala hatukununua.

Aliondoka kwenda Pemba katika maleleji ya Novemba, kwa meli ya asubuhi, na mkoba mmoja na msahafu. Aliniachia chuma cha vitumbua, mawaidha juu ya hamira, na daftari jipya. Alfajiri ya kwanza vitumbua 11 vilishika chini na mtoto wa jirani akakataa kuvilipia, akiniambia shikamoo kwanza. Nilipomaliza kuosha chuma nikachukua ukingo wa sanduku la chai nikapiga mistari, safu ya kwanza, safu ya pili, na ya tatu bila kichwa. Kwa siku 8 haikuwa na neno. Siku ya 9 nikaandika: Nungwi.